Wanaume Wanaolazimisha: Utafiti Unatuambia Nini Hapa Beni na Butembo

Ebola ilitangazwa rasmi katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Kwa muda wote huo, Beni na Butembo zilikuwa na mwajiri mmoja mkubwa ambaye kila kijana alimtafuta: Riposte, yaani mapambano dhidi ya Ebola. Kufagia kituo cha matibabu, kupika, kupima joto la wapita njia, kuhamasisha mitaani, kazi hizo za mkataba mfupi zililisha familia nzima. Na aliyekuwa na uwezo wa kuandika jina lako kwenye orodha alikuwa mtu mkubwa, hata kama cheo chake kilikuwa kidogo.

Mwezi Septemba 2020 waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni. Wengi walieleza jambo lilelile: waliombwa mwili ili wapewe kazi, au ili wasiipoteze waliyokuwa nayo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani (OMS, kama tunavyoliita huku) ilitoa ripoti yake. Iliongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, ambaye sisi tunamjua kwa kazi yake katika shirika la SOFEPADI. Tume ilitambua watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe wakati wa matukio. Tuhuma tisa zilikuwa za ubakaji. Kuna simulizi moja katika ripoti ile ambalo halinitoki: la binti mdogo aliyekuwa akiuza kadi za simu kando ya barabara huko Mangina. Dereva akasimamisha gari, akamwambia atamfikisha nyumbani, akampeleka hotelini.

Watu waliposikia haya waliuliza, na wanaendelea kuuliza: inawezekanaje? Hawa si wanamgambo waliotoka porini. Ni madaktari, madereva, wahasibu, wanaume wenye wake na watoto, waliokuja kuokoa maisha. Majibu yaliyotolewa mtaani na hata kanisani ni yale yale ya siku zote. Shetani aliwaingia. Walikuwa mbali na wake zao. Wasichana wenyewe walitaka pesa. Vita vimeharibu watu.

Saikolojia imechunguza wanaume wanaolazimisha ngono kwa zaidi ya miaka 40 sasa, na majibu yake hayalingani na hayo. Nitaeleza yale ambayo naona yana msingi imara, kisha niseme yanatuhusu vipi.

Tuanze na namna watafiti wanavyojua, maana msomaji ana haki ya kuuliza: nani atakubali kusema kwamba amebaka? Wengi wanakubali, ukiuliza vizuri. Ukimwuliza mwanaume kama yeye ni mbakaji, atakataa na pengine atakufukuza. Ukimwuliza kama amewahi kulala na mwanamke ambaye hakutaka, kwa kumshika kwa nguvu, kumtisha, au alipokuwa amelewa mno asiweze kukataa, anajibu. Profesa Rachel Jewkes na wenzake walifanya hivyo Afrika Kusini kwa wanaume 1,738, wakiwapa kila mmoja kifaa kidogo cha mkononi kilichomsomea maswali masikioni, naye akabonyeza jibu bila mtu mwingine kusikia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: asilimia 27.6 walikiri kwamba wamewahi kumlazimisha mwanamke au msichana. Wengi wao walianza kabla ya kutimiza miaka 20.

Huku kwetu, mwaka 2012, mashirika ya Promundo na Sonke Gender Justice yaliwahoji wanaume 708 na wanawake 754 ndani na pembeni ya Goma. Zaidi ya theluthi moja ya wanaume walikiri aina fulani ya ukatili wa kingono, na hesabu hiyo inajumuisha yale yaliyotendwa dhidi ya mke au mpenzi. Ni wanaume wa kawaida: wenye duka, wenye pikipiki, wenye shamba, wasio na kazi.

Hapo tunapaswa kukaa kidogo, kwa sababu dunia imezoea kuitazama Kivu kupitia mtutu wa bunduki. Mwaka 2011 Amber Peterman na wenzake walichambua takwimu za kitaifa za Kongo za mwaka 2007. Kivu ya Kaskazini iliongoza nchini kwa ubakaji, na hilo halikumshangaza mtu. Lakini uchambuzi huohuo ulionyesha kwamba wanawake wa Kongo waliolazimishwa na waume au wapenzi wao walikuwa zaidi ya milioni tatu, huku waliowahi kubakwa na mtu yeyote wakikadiriwa kuwa kati ya milioni 1.69 na 1.80. Vita ni kweli, na mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014 hakuna asiyeyajua. Ila mwenye kudhani kwamba siku bunduki zitakaponyamaza jambo hili litakwisha lenyewe, anajidanganya.

Sasa, kwa nini wanafanya? Kati ya mwaka 2010 na 2013 Umoja wa Mataifa uliratibu utafiti katika nchi sita za Asia na Pasifiki, wanaume zaidi ya 10,000. Waliokiri kubaka waliulizwa sababu. Asilimia 73 walitoa sababu ambayo kwa ufupi ni hii: nilitaka, na nilikuwa na haki. Iliyofuata ilikuwa kujifurahisha au kuchoka kukaa bila la kufanya. Kisha hasira na nia ya kumwadhibu mwanamke. Pombe, ambayo sisi huitaja kwanza, ilikuwa ya mwisho kwa kutajwa.

Imani hiyo ya kustahili ndiyo kiini cha mambo. Mwanaume mwenye imani hiyo hahisi kwamba anapora, anahisi kwamba anachukua chake. Nimetoa mbuzi kwa baba yake, kwa hiyo hawezi kunikatalia usiku. Nimemlipia bia na samaki, kwa hiyo ananidai nini tena? Nimemtafutia kazi ya Riposte, kwa hiyo lazima anishukuru. Mbuzi wa mahari, chupa ya bia na mkataba wa kazi ni vitu vitatu tofauti kabisa, lakini katika kichwa cha mtu huyu vinafanya kazi moja: vinageuza mwili wa mtu kuwa deni. Neil Malamuth, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha tangu mwaka 1991 kwamba hatari hupanda zaidi pale mambo mawili yanapokutana ndani ya mtu mmoja: chuki na tamaa ya kuwatawala wanawake kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ngono isiyo na uhusiano, ya kuhesabu kama ushindi. Utafiti wake ulitegemea sana wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na mimi sipendi kuuhamishia Butembo kama ulivyo. Hata hivyo sehemu ya kwanza, ile ya kutawala, imejitokeza karibu kila mahali ilikotafutwa, pamoja na Goma.

Kuna udhuru mmoja unaotajwa sana: hakuelewa. Msichana hakusema hapana wazi, alinyamaza, alicheka, akasema nitakuja kesho. Mwaka 1999 Celia Kitzinger na Hannah Frith wa Uingereza waliuchambua udhuru huu kwa kuangalia jinsi watu wanavyokataa mambo katika mazungumzo ya kila siku. Waligundua kwamba karibu hakuna mtu anayekataa kwa kusema hapana kavu. Tunasita, tunatoa sababu, tunaahirisha, tunasifu kwanza. Na msikilizaji anaelewa. Nenda soko la Butembo umsikilize mama anayeuza vitenge: mteja akisema nitarudi, mama anajua hapohapo kwamba ameshakataliwa, anakunja kitenge chake na kumwita mwingine. Kijana aliyelelewa katika soko hilo, anayeelewa nitarudi ya mteja, anaelewa pia nitakuja kesho ya msichana. Anayelazimisha amesikia vizuri. Ameamua tu kwamba alichosikia hakimfungi.

Tukirudi kwenye Riposte, linabaki swali gumu zaidi. Kama imani hii imo ndani ya mtu, kwa nini wanaume ambao pengine walinyooka miaka yote walibadilika walipofika Beni? Hapa kazi ya John Pryor inasaidia sana, na ninashangaa kwamba haisomwi zaidi na wanaoendesha mashirika. Mwaka 1987 alitunga kipimo: anampa mwanaume visa vya kubuni, kama vile kuwa na nafasi ya kumwajiri mwanamke mzuri, kisha anauliza, ungejaribu kubadilishana nafasi hiyo kwa ngono kama una hakika hutaadhibiwa? Baadaye yeye na wenzake wakaandaa jaribio. Wanaume waliombwa kumfundisha mwanamke kazi ya kompyuta. Kwa baadhi yao, kiongozi wa jaribio alitangulia kuonyesha mfano kwa kumgusa-gusa na kumtazama yule mwanamke vibaya. Kwa wengine, kiongozi alijiheshimu. Wanaume waliopata alama za juu katika kipimo walimsumbua mwanamke pale tu mkubwa alipofungua njia. Mkubwa alipojiheshimu, walijiheshimu.

Yaani mwelekeo wa ndani peke yake hautoshi. Unahitaji mlango, na mlango hufunguliwa na wakubwa.

Soma ripoti ya mwaka 2021 ukiwa na hilo akilini. Watu waliajiriwa bila tangazo wala mashindano ya haki, kwa hiyo aliyeshika kalamu alishika kila kitu. Wasichana hawakujua pa kulalamika, na wengi walidhani kwamba hivyo ndivyo kazi inavyopatikana. Mgeni wa kazi alipofika hotelini na kuona wenzake wanavyoishi, alishaonyeshwa mfano. Wapo waliokuja wakiwa na mwelekeo huo kutoka kwao. Wapo pia ambao pengine wangeishi na kufa bila kumdhuru mtu kama wangefanya kazi mahali ambapo mkubwa anajiheshimu na malalamiko yanafika. Kusema hivi hakumwondolei yeyote hatia yake. Kunaongeza hatia ya wale waliojenga mazingira hayo na kuyaacha.

Vipi basi kuhusu vita? Utafiti wa wapiganaji unaongeza jambo ambalo raia hawapendi kulisikia. Maria Eriksson Baaz na Maria Stern, watafiti wa Uswidi, walizungumza na askari na maofisa wa FARDC, yaani jeshi la Kongo, na kuchapisha kazi yao mwaka 2009. Askari walitofautisha ubakaji wa tamaa, waliouona kama jambo la kusikitisha lakini la kawaida kwa mwanaume asiye na pesa aliye mbali na mke, na ubakaji wa ubaya, ule wa kuumiza na kudhalilisha. Angalia namna ya kwanza ilivyojengwa: mwanaume anahitaji, hana pesa, hivyo anachukua. Ni imani ileile ya wale wa Riposte wenye magari meupe, ila hapa imevaa sare. Huko Goma, Thomas Elbert na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwahoji wanamgambo waliorudishwa uraiani. Wakakuta kwamba baadhi yao, hasa walioingia porini wakiwa watoto, walikuwa wamejifunza kupata msisimko katika ukatili wenyewe. Hilo ni jeraha la namna yake, na linahitaji tiba yake.

Tiba hiyo ipo, na namna inavyofanyika inafaa kuonekana. Mtu anakaa chini na kamba imenyooshwa mbele yake kama maisha yake. Anaweka ua pale palipokuwa na furaha, jiwe pale alipoumizwa, na kijiti pale yeye mwenyewe alipomwumiza mwingine. Kisha, kikao baada ya kikao, anasimulia kila jiwe na kila kijiti mpaka mwisho, pamoja na alichohisi na alichokiona usoni mwa mwenzake. Ilipojaribiwa Goma kwa kundi dogo la wanamgambo wa zamani, dalili za kiwewe zilipungua, na uhusiano wao na wapiganaji ukapungua pia. Beni, ambako vijana wanatoka katika vikundi vya wanamgambo vya Mayi-Mayi wakirudi mitaani kila mwaka, ingestahili kuwa na watu waliofunzwa tiba hiyo katika kila kituo cha afya kikubwa.

Kwa wanaume wengine, wasio na kiwewe cha vita wala damu mikononi, habari ni mchanganyiko, na naona ni heri ielezwe kama ilivyo. Kati ya mwaka 2016 na 2018 shirika la IRC lilijaribu mpango wa vikundi vya wanaume katika jamii 28 za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Wanaume walikutana kila juma kwa majuma 16 wakizungumza juu ya mamlaka, hasira na nyumba zao. Kura iliamua jamii zipi ziingie katika mpango huo na zipi zipewe shughuli nyingine, ili pande mbili zilinganishwe. Baadaye wanaume waliopitia vikundi walikuwa tofauti kwa maneno: wachache zaidi walikubali kwamba mke anaweza kustahili kipigo, wengi zaidi walikubali kwamba mke anaweza kukataa ngono. Lakini wake zao walipoulizwa, ukatili wa mwili na wa kingono haukuwa umepungua kuliko upande wa pili.

Baadhi ya wenzangu wanasema matokeo hayo yanathibitisha kwamba mwanaume habadiliki. Mimi nayasoma tofauti. Majuma 16 ya kuongea na wanaume peke yao, halafu kila mmoja anarudi katika parseli ileile, kwa kaka zake walewale, kwa chifu yuleyule, hayawezi kubeba mzigo wote huo. Tuangalie majirani. Rwanda ilikuwa na mpango ulioitwa Indashyikirwa, ambapo mume na mke walikaa pamoja kwa vikao 21, wakifanya mazoezi nyumbani kati ya kikao na kikao. Miaka miwili baadaye, wanawake wa kundi hilo waliripoti ukatili mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao. Kampala, mpango wa SASA! ulifanya kazi na mtaa mzima kwa miaka kadhaa, wakiwemo polisi, wauguzi na viongozi wa dini, na ukatili wa mwili dhidi ya wake ukawa chini kwa asilimia 52 katika mitaa iliyoshiriki. Kwa ukatili wa kingono dalili zilikuwa nzuri lakini hazikuwa imara kitakwimu. Ngono ni sehemu ngumu kubadilika kuliko kipigo, na mpango wowote unaoahidi kinyume chake kwa semina ya siku tatu hotelini unapoteza pesa za watu.

Kwa hiyo ningeomba mambo machache kwa wanaohusika. Mashirika yanayoajiri Beni na Butembo yabandike orodha za kazi hadharani, na pasiwe na mtu mmoja anayeamua peke yake. Hilo linagharimu kidogo kuliko bango lolote la uhamasishaji, na kwa kuangalia kazi ya Pryor ndilo linalogusa mlango wenyewe. Parokia na makanisa yanayofundisha wachumba yaweke kikao kizima juu ya haki ya mke kukataa, na mwanaume mwenye heshima ndiye akiongoze. Vyuo vyetu, Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kikiwa mbele, vina wanafunzi wa kutosha kufanya utafiti wa kuuliza wanaume wa Butembo wenyewe, kwa usiri, maswali ambayo Goma iliulizwa mwaka 2012. Na wazazi wakumbuke kwamba kwa wengi jambo hili huanza kabla ya miaka 20. Mtoto wa kiume wa miaka 13 ndiye wa kuzungumza naye, na baba ndiye wa kuanza, maana huyo mtoto anamtazama baba.

Limebaki la mwisho, kwa familia. Anayelazimisha anahesabu kwamba hakutatokea kitu: wataona aibu, watanyamaza, au mambo yatamalizwa kwa mbuzi wawili na mkono wa samahani. Kila maelewano ya namna hiyo yanamthibitishia hesabu yake, na yanawafundisha vijana wanaotazama. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu mbakaji kifungo cha miaka mitano hadi ishirini, na inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sheria namba 06/019 ya siku hiyohiyo inasema kwamba malipo ya faini ya maelewano hayafuti kesi ya ukatili wa kingono. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia VVU, na asioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari. Hata saa hizo zikiwa zimepita, apelekwe.